Gari Linalonyonya Ukutani

Habari hii ilianzia bombani, kama habari zote tamu. Kaeni vizuri, msije mkamwaga uji.

Juu mlimani, kule migomba inakoota mpaka mlangoni, anakaa Ndeshi. Ana miaka sita na mapengo mawili.

Baba yake alikuwa na gari la zamani. Gari lile lilikuwa linakohoa.

Koho-koho-kohoo. Puu.

Moshi mweusi ukatoka. Kuku wakakohoa, na mbuzi wa jirani naye akakohoa. Mlima mzima ukajua Baba Ndeshi anakwenda kununua sukari.

Siku moja Baba akaliuza gari la kukohoa. Akarudi na gari jipya, gari la umeme.

Ssssss.

Likaingia getini, na hakuna aliyesikia. Kuku alikuwa amelala katikati ya njia, hakuamka. Ikabidi Baba ashuke, amwombe kuku samahani, ambebe, amweke pembeni.

Jioni Baba akatoa waya mnene. Akachomeka upande mmoja kwenye gari, na upande wa pili ukutani.

Gari likatulia. Mmmmmm.

Ndeshi akalitazama. Kisha akamtazama mdogo wake, Ombeni, kifuani kwa Mama. Ombeni naye alikuwa ametulia. Mmmmmm.

“Baba,” akasema Ndeshi, “gari linanyonya.”

Baba akacheka. Akasema ni kweli, linanyonya umeme mpaka lishibe. Ila waya ule ni wa Baba peke yake kuugusa.

Wakaliimbia polepole:

Nyonya, gari, nyonya.
Kesho tupande mlima.

Asubuhi Ndeshi akaenda bombani na ndoo yake ndogo. Akamkuta Mama Kisali. Mama Kisali ana masikio mawili tu, lakini yanafanya kazi ya sita.

Ndeshi akamwambia kwamba gari lao jipya linanyonya ukutani.

Mama Kisali akaenda mbio kwenye mashine ya kusaga. Akasema kwa Baba Ndeshi kuna gari linalonyonya. Ukuta aliudondosha njiani.

Mzee Shao wa mashine akauliza linanyonya nini. Mashine ilikuwa inanguruma, jibu hakulisikia. Basi akajijibu mwenyewe: maziwa. Kwani kingine kinachonyonywa ni nini?

Kufika mchana, habari ilikuwa imefika kwa Bibi Manka, jirani yao. Na ilikuwa imenona njiani.

Gari la Baba Ndeshi linanyonya ng'ombe.

Sasa Bibi Manka ana ng'ombe mmoja tu. Anaitwa Tarumbeta. Siku hizo alikuwa na mimba, na tumbo lake pana kama mlango.

Bibi Manka alikuwa amemwahidi Ndeshi jambo. Ndama akizaliwa, jina atalitoa Ndeshi.

Kila siku Ndeshi alitafuta jina. Sukari? Kitumbua? Mwenyekiti? Bado, bado.

Mchana huo akaenda kumsalimia Tarumbeta. Akakuta mlango wa banda umefungwa kwa kamba. Na kamba imefungwa kwa kamba nyingine.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Ishia hapo hapo.”

Bibi Manka alikuwa anachungulia kwenye ufa wa mlango wa nyumba yake, jicho moja tu. Akasema amesikia yote. Mtoto wa nyumba yenye gari linalonyonya ng'ombe hawezi kumpa ndama wake jina.

Ndeshi akarudi nyumbani. Machozi yakamtoka, moja kwa kila pengo.

Baba akacheka kwanza. Kisha akayaona machozi, akaacha kucheka. Akavaa viatu, akaenda kwa Bibi Manka kumweleza.

Bibi Manka alimuuliza swali moja tu. Linanyonya, au halinyonyi?

Baba akasema linanyonya, lakini...

Bibi Manka hakungoja “lakini.” Alifunga kamba ya tatu.

Bibi Manka amelea watoto saba. Anajua dawa ya mtoto asiyetaka kuacha ziwa. Unapaka shubiri. Ni chungu mpaka masikioni.

Jioni ile akaja na kibakuli cha shubiri. Alitembea kwa ncha za vidole, kama kuku aliyekanyaga maji.

Waya hakuugusa. Waya wa umeme hauguswi, hata na bibi mwenye hasira. Alilipaka gari mashavuni, kushoto na kulia.

Ndeshi alikuwa kibarazani, anamwona.

“Bibi, unafanya nini?”

“Naliachisha ziwa.”

Wakasubiri wote wawili. Gari halikukunja uso. Halikutema mate.

Mmmmmm.

“Lina roho ngumu hili,” akasema Bibi Manka. Akachukua kibakuli chake, akaenda zake.

Ndeshi akaimba kwa sauti ndogo sana:

Nyonya, gari, nyonya.
Kesho tupande mlima.

Jumamosi mvua ikanyesha. Na Tarumbeta akalia.

Muuuuuuu.

Tarumbeta hulia kila siku, ndiyo maana akaitwa hivyo. Lakini kilio hiki kilikuwa kirefu. Ndama alitaka kutoka, na hatoki.

Daktari wa mifugo anakaa juu, juu kabisa, ng'ambo ya korongo. Pikipiki zote zilikuwa zimekwama kwenye tope. Bibi Manka akatazama huku. Akatazama huko.

Gari lilibaki moja tu.

Akaja mbio, viatu mkononi.

“Baba Ndeshi, limeshiba hilo?”

“Limeshiba, Bibi.”

Bibi Manka akasema na yeye anapanda. Atakaa mbele, alione vizuri lisije likamkimbilia ng'ombe wake. Mama akabaki nje ya banda la Tarumbeta. Ndeshi akakaa nyuma.

Ssssss.

Bibi Manka akangoja. Akangoja tena. Akauliza mbona limezimika.

“Linakwenda, Bibi,” akasema Ndeshi. “Tazama migomba.”

Bibi Manka akatazama. Migomba ilikuwa inapita mbio, kama inakwenda sokoni. Akashika kanga yake kwa mikono miwili, akafumba macho mpaka juu.

Daktari wa mifugo alikuwa anakula ndizi. Hakusikia gari. Aligeuka tu, akaona Bibi Manka amesimama nyuma yake, na ndizi ikaanguka.

Wakashuka mlima. Wakaingia kwa Bibi Manka kimya kimya.

Tarumbeta hakushtuka. Lingekuwa gari la kukohoa, angekimbia na tumbo lake mpaka mjini.

Bibi Manka akafungua kamba ya kwanza. Akafungua ya pili. Ya tatu ilikataa, akaikata kwa meno.

Daktari akavuta. Tarumbeta akasukuma. Ndeshi akabana pumzi.

Pwaa.

Ndama. Mweusi, miguu mirefu, baka jeupe kwenye pua.

Akasimama, akaanguka. Akasimama, akaanguka. Akasimama.

Akatafuta ziwa. Akanusa kiatu cha daktari, siyo. Akanusa kanga ya Bibi Manka, siyo. Akanusa tumbo la mama yake.

Chwi, chwi, chwi.

Wakati huo Baba alikuwa amelirudisha gari nyumbani, na amechomeka waya. Gari lilikuwa limechoka na njaa imelishika.

Mmmmmm.

Bibi Manka akasimama penye uzio. Huku akaona ndama ananyonya. Kule akaona gari linanyonya. Akatazama waya, akaufuata kwa macho, mpaka mwisho.

“Kumbe ni ukuta,” akasema.

“Ni ukuta, Bibi,” akasema Ndeshi. “Nilisema ukuta tangu bombani.”

Bibi Manka akainamisha kichwa. Jambo hilo halijatokea mara nyingi.

Kwetu mlimani, ukimkosea mtu, unampelekea jani la sale. Akishalipokea, hasira inakaa chini yenyewe. Uzio wa Bibi Manka wote ni masale.

Akachuma majani mawili.

La kwanza akaliweka mbele ya gari, katikati ya mashavu. Akaliambia limsamehe, alilipaka shubiri bila kuuliza. Gari halikusema kitu. Bibi Manka akasema anayenyamaza amekubali.

La pili akampa Ndeshi, kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mkubwa.

Ndeshi akalipokea, kwa mikono miwili.

“Haya,” akasema Bibi Manka. “Jina.”

Ndeshi akamtazama ndama. Alikuwa amenyonya mpaka tumbo limekuwa duara. Sasa anaruka, anapiga teke, anazunguka banda zima.

“Chaji,” akasema Ndeshi.

Bibi Manka akalionja jina hilo mdomoni. Akaita, “Chaji, njoo.” Sikio moja la ndama likatikisika.

Basi, jina limekaa.

Jioni Mama akarudi kutoka bombani. Alikuwa anacheka mpaka nusu ya maji imemwagika. Mama Kisali alikuwa amemnong'oneza habari mpya, na amemwambia asimwambie mtu.

Gari la Baba Ndeshi limezaa ndama.

Baba akacheka. Bibi Manka, aliyekuja kuleta maziwa, alicheka kuliko wote. Hakuna aliyekwenda kusahihisha.

Ndeshi akanywa maziwa yake. Akapanda kitandani na jani lake la sale.

Kifuani kwa Mama, Ombeni ananyonya. Ng'ambo ya uzio, Chaji ananyonya. Na nje, ukutani, gari linanyonya.

Mmmmmm.

Ndeshi akaanza kuimba:

Nyonya, gari, nyonya.
Kesho...

Alifika hapo kwenye kesho, akalala.