Majani ya Njia Panda

Rafiki yangu Rwegoshora wa Chonyonyo si mtu wa kuzusha mambo. Mwaka ule wa hamsini na moja mkewe, Deodatha, alishikwa na uchungu, mtoto akagoma kutoka. Majirani wakambeba kwa machela kwenda hospitali ya misheni. Yeye akabaki kutafuta wa kuwatazama watoto, kisha akawafuata mbio.

Mvua ilikuwa imekatika, jua linazama na ukungu umetanda. Pale njia panda kibao kipya cha serikali kilielekeza kulia, hospitali. Lakini njia hiyo ilikuwa imelazwa majani mabichi, kama watu wetu wanaotangulia wanavyofunga njia wasiyopita. Rwegoshora akayaamini majani. Akashika kushoto.

Mbele alisikia wimbo wa wabebaji, na Deodatha akiguna.

"Deodatha! Nisubirini!"

Wimbo ukakatika. Alipofika palikuwa na matete na maji tu.

Akarudi mbio, analia. Njia panda akawakuta wabebaji ndio wanatokea upande wa nyumbani. Walikuwa wameingia kwa mtu kujikinga na mvua, naye akawapita bila kujua.

"Nani kafunga njia?"

"Sisi ndiyo kwanza tunafika, bwana."

Wakayaruka majani, wakashika kulia. Rwegoshora alibeba mti wa machela upande wa kichwani kwa mkewe. Ndipo kule kushoto, ndani ya giza, sauti yake mwenyewe ikaita: "Deodatha! Nisubirini!"

Deodatha akafumbua macho.

"Msubirini, jamani," akasema. "Mume wangu anaita."