Paka Aliyetembea kwa Visigino

Mbuke wa Kharumwa alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa kuuliza. Akinunua mchicha, atauliza umemwagiliwa maji ya wapi. Akienda kusaga, atauliza mashine inakula mafuta kiasi gani. Mumewe, Mageni, alizoea kumtania kwamba siku ya kufa atamuuliza malaika amepita njia gani.

Nyumbani kwao kulikuwa na stoo ya mpunga na karanga. Mlinzi wa stoo alikuwa Karani, paka dume mweusi mwenye kifua cheupe. Walimpa jina hilo kwa sababu alikaa mlangoni na kukagua kila gunia lililoingia. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kwa paka, huo ni uzee kabisa.

Kila asubuhi Mbuke alikula matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikauke. Karani alipata fungu lake, limelowekwa kwenye maziwa.

"Mzee wangu hana meno," Mbuke alisema. "Acha ale laini."

Mwezi wa saba Karani alibadilika. Alianza kunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Alimaliza bakuli, akahamia kwenye ndoo. Alikula sana, lakini alikonda mpaka uti wa mgongo ukahesabika. Kisha ikaja zamu ya miguu ya nyuma. Paka mzima hutembea kwa vidole, visigino vikiwa juu. Karani alishusha visigino mpaka sakafuni, akawa anajikokota. Siku moja alijaribu kuruka juu ya gunia la karanga. Hakufika hata nusu. Alianguka, akabaki amekaa pale pale akiitazama sakafu. Mbuke alimwonea huruma mpaka machozi yakamlengalenga.

"Amepigwa huyo," alisema Mageni. "Au ni uzee. Paka ni paka, mke wangu. Tutatafuta mwingine."

"Amepigwa wapi? Nimemgusa kila mahali. Hana kidonda, wala halii."

"Basi muulize mwenyewe!"

Siku ya pili Mbuke alidhani amelipata jibu. Alimkuta Karani uani kwa jirani yake, Zakia, akinywa maji kwenye karai. Ndani ya karai zilikuwa zimelowekwa nguo za kazi za Nassibu, mume wa Zakia. Nassibu alifanya kazi mwaloni, mahali wachimbaji wanapooshea mchanga wa dhahabu. Huko hutumia zebaki kukamata dhahabu, na kila mtu anajua kuwa zebaki ni sumu.

Mbuke alikuja juu.

"Mama Salmini! Mmemlisha paka wangu zebaki!"

Zakia aliacha kufagia. "Mimi? Paka wako ndiye anayekuja hapa. Nilimwita?"

"Mtu mwema huacha maji ya sumu wazi?"

"Mama Noela, chunga ulimi wako."

Mbuke alimbeba Karani na kuondoka bila kuaga. Wiki mbili wale wanawake hawakusalimiana. Wakikutana kisimani, kila mmoja alimpa mwenzake kisogo.

Sasa, watu wengi husema maziwa hukata sumu. Mbuke alisikia hivyo tangu utotoni, na kwa mara ya kwanza maishani hakuuliza. Alimfungia Karani ndani. Akampa maziwa mara tatu kwa siku. Akamwongezea matobolwa ili apate nguvu. Karani alizidi kudhoofika. Manyoya yake yaliyong'aa yakawa kama ya mbuzi aliyenyeshewa.

Kwa kuwa Karani hakutoka nje, Mbuke alimwekea mchanga kwenye beseni kuukuu ili ajisaidie humo. Asubuhi moja alikuta msururu wa sisimizi umetoka ukutani, umekatiza chumba, umeingia kwenye beseni. Hawakwenda kwenye kinyesi. Walijazana palipolowa mkojo.

Mbuke alichutama. Alilisogeza beseni mpaka pembe nyingine. Baada ya muda sisimizi wakalifuata. Akaweka beseni la pili lenye mchanga uliolowa maji matupu. Sisimizi walilipita bila hata kusimama.

"Mageni! Njoo uone. Sisimizi wanataka nini kwenye mkojo?"

"Ndiyo kazi tuliyobakiza sasa," alisema Mageni. "Kuchunga sisimizi."

Mbuke alilibeba beseni mpaka uani ili aone vizuri kwenye mwanga. Zakia alikuwa upande wa pili wa ua wa minyaa, akianua nguo. Hakutaka kutazama, lakini alitazama. Mbuke naye hakutaka kuongea, ila swali lilikuwa linamwasha kuliko hasira.

"Mama Salmini, umewahi kuona sisimizi wakigombania mkojo?"

Zakia aliacha nguo kwenye kamba. Kisha akaja mpaka kwenye ua.

"Nimewahi. Mkojo wangu mwenyewe. Kabla sijajua nina kisukari, choo changu kilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa na kiu usiku na mchana, nakula na kukonda. Nyayo zangu zilikufa ganzi."

Mbuke alimtazama Zakia, kisha akamtazama Karani aliyejilaza mlangoni.

"Paka naye anaugua kisukari?"

"Hilo silijui. Mimi naujua wangu. Tumpigie Asteria."

Asteria alikuwa afisa mifugo wa kata. Alifika asubuhi hiyo hiyo kwa pikipiki, buti zake zimejaa udongo wa zizini.

"Shikamoo mama. Mwangaluka, baba," alisalimia, akimtania Mageni kwa Kisukuma chake cha kujifunza.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mbuke. "Mtazame huyu."

Asteria aliwasikiliza mpaka mwisho. Alichovya kijiti cha kupimia kwenye mkojo mbichi, kikabadilika rangi. Kisha akaomba mashine ya Zakia ya kupimia sukari. Alichoma ukingo wa sikio la Karani kwa sindano ndogo, akapata tone la damu.

"Ishirini na sita, iko juu mno," alisoma. "Paka akiogopa, sukari yake hupanda kidogo. Ndiyo maana nimepima mkojo pia. Vyote viwili vinasema jambo moja. Huyu ana kisukari."

"Si zebaki?" aliuliza Mbuke.

"Si zebaki. Ila Mama Salmini, lile karai lifunikwe, na nguo za mwaloni zifuliwe peke yake, mbali na watoto na wanyama. Zebaki haina mchezo."

"Nimesikia," alisema Zakia.

"Sasa miguu inahusiana nini na sukari?" Mbuke aliuliza. "Na kiu je? Na sisimizi?"

Asteria alicheka. "Moja moja, mama. Mwili hutumia sukari kama pikipiki inavyotumia petroli. Insulini ndiyo inayoiingiza sukari mwilini ifanye kazi. Insulini ikipungua au ikishindwa, sukari inabaki kwenye damu. Figo zinaitoa kwa mkojo, na maji mengi yanatoka nayo. Hapo ndipo kiu inapotoka. Sisimizi wanafuata utamu. Na sukari nyingi ikikaa muda mrefu, inaumiza mishipa ya fahamu. Hiyo ndiyo hupeleka habari kutoka kwenye ubongo mpaka miguuni. Habari zisipofika, miguu inalegea."

"Itarudi?"

"Mara nyingi hurudi, sukari ikishuka. Lakini polepole. Tunaongelea miezi, siyo siku. Anakula nini?"

Mbuke alitaja matobolwa. Akataja maziwa. Kila alipotaja, sauti ilishuka.

"Paka ni mla nyama," alisema Asteria. "Viazi vina wanga na sukari nyingi. Maziwa nayo yana sukari yake. Na hayaondoi zebaki hata kidogo, kwa paka wala kwa mtu."

"Kumbe nimekuwa nikimmaliza mwenyewe," alisema Mbuke, akaziba uso kwa kanga.

"Ulimpenda bila kuuliza," alisema Zakia. "Siyo kawaida yako."

Mbuke alicheka na kulia kwa pamoja. Palepale akamshika Zakia mkono. "Nisamehe, mwenzangu. Nilikutukana bure."

"Yameisha."

"Basi nigawie insulini yako kidogo. Unajichoma ngapi?"

"Yuniti kumi na nane asubuhi."

"Hapana!" Asteria alisimama. "Kumi na nane kwa paka wa kilo nne? Atakufa leo leo. Dawa ya mtu haikisiwi kwa mnyama. Mimi nimezoea ng'ombe. Huyu anataka daktari wa mifugo ampangie dawa."

Kesho yake, akisindikizwa na Mbuke na Zakia, Karani alisafiri kwenda Geita ndani ya kikapu chenye kifuniko, akipiga kelele njia nzima. Daktari alimpima, akampangia dawa yake na kipimo chake: yuniti moja asubuhi, moja jioni, kila baada ya saa kumi na mbili.

Nyumbani, Zakia ndiye aliyekuwa mwalimu. Hawakuwa na friji, kwa hiyo alimwonyesha Mbuke namna ya kutumia vyungu viwili. Unaweka chungu kidogo ndani ya kikubwa. Katikati unajaza mchanga, unaulowesha kila siku. Chupa ya dawa inakaa ndani ya kopo kavu, kwenye chungu kidogo, kivulini.

"Usiitikise," alisema. "Izungushe taratibu kati ya viganja. Andika tarehe uliyoifungua. Sindano ni ya mara moja, kisha iingie kwenye dumu gumu lenye kifuniko. Likijaa, tunalipeleka zahanati."

"Namchoma wapi?"

"Daktari alisema ubavuni. Inua ngozi kidogo kwa vidole, ingiza, sukuma. Kwanza ale. Umenisikia? Kwanza ale."

Chakula nacho kilibadilika, kidogo kidogo, kama daktari alivyoelekeza. Karani alipata dagaa waliochemshwa bila chumvi, na minofu ya samaki isiyo na mifupa. Mbuke alitandika magunia kwenye saruji ili miguu isiteleze. Beseni la mchanga alilikata ukingo mmoja, Karani aingie bila kuruka. Hata Mageni alilainika. Redio ikitangaza saa moja, alikuwa wa kwanza kuita: "Mbuke! Sindano!"

Wiki ya tatu walikosea. Ilikuwa Jumapili, na Mbuke alichelewa misa. Karani alinusa dagaa, akageuka. "Atakula baadaye," Mbuke alijiambia. Akamchoma, akakimbia kanisani.

Aliporudi, Karani alikuwa anayumba. Kichwa kilitetemeka, macho hayakumtambua mtu. Mbuke alipiga ukelele, Zakia akaruka kutoka jikoni kwake.

"Alikula?"

"Hakula."

"Sukari imeshuka mno. Una asali?"

Mageni aliileta mbio. "Nimwagie mdomoni?"

"Usimmwagie, itampalia. Mpake kwenye fizi, kwa kidole."

Mageni, yule aliyesema paka ni paka, alipiga magoti na kupaka asali kwenye fizi za Karani. Alipaka, akasubiri, akapaka tena. Mbuke aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu ugonjwa uanze. Baada ya dakika kama kumi, Karani alijilamba. Kisha akainua kichwa. Walimpa dagaa, akala. Mbuke alimpigia daktari simu.

"Asipokula, usimchome," alisema daktari. "Nipigie kwanza. Jioni hii usimpe dawa. Mlete kesho nimpime."

Tangu siku hiyo Mbuke alining'iniza daftari ukutani. Kila siku aliandika: amekula, amechomwa, amekunywa maji kiasi gani, visigino viko vipi. Kwa wiki nyingi mstari wa visigino ulisema neno moja: chini. Mwezi wa tisa ukapita. Kiu ilipungua, manyoya yakaanza kung'aa, sisimizi wakaondoka. Lakini miguu ilikuwa ile ile. Mbuke alianza kujiuliza kama habari za ubongo zitafika tena siku moja.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi aliandika: chini, lakini siyo sana. Akamwita Mageni athibitishe. Mageni alilala kifudifudi sakafuni, akatazama.

"Wembe unapita chini ya kisigino," alisema. "Labda nyembe mbili."

Kisha, asubuhi moja ya mwezi wa kumi na mbili, Mbuke akiwa anapepeta mpunga, kelele zilitoka kwa jirani.

"Mama Noela! Njoo umchukue mwizi wako! Kachukua samaki wangu!"

Mbuke aliangusha ungo. "Samaki alikuwa wapi?"

"Mezani! Nimegeuka tu kuchukua kisu!"

"Meza gani?"

"Ile ndefu ya jikoni! Meza nina moja!"

"Kapandaje?"

"Karuka!" Zakia alifoka. Alitokeza kwenye ua wa minyaa, mkono mdomoni. "Mama Noela... karuka."

Walitazamana. Mbuke alicheka mpaka akakaa chini, machozi yakimtiririka. Zakia akacheka naye. Mageni alitoka stoo akiuliza nani amekufa.

Karani alipita kati yao, mkia umesimama, samaki mdomoni, akitembea kwa vidole.

"Mama Salmini," alisema Mbuke, akijifuta uso. "Ulikuwa umemtia chumvi?"