Mji wa Saa Nne Asubuhi

Ndege ilikuwa imeshaitwa mara ya pili, na ile familia ya kigeni bado inapigana na sanduku. Baba kalikalia, mama anavuta zipu, watoto wamejilaza sakafuni katikati ya miguu ya abiria. Mwanamke aliyewasindikiza, mwenye suti ya kijani na viatu virefu alivyokuwa anavijutia tangu alfajiri, alipiga goti akalisukuma sanduku kwa bega.

"Hilo halitaki nguvu, dada. Linataka ujanja," sauti ilisema juu yake.

Aliinua uso. Mwanaume mrefu, shati la rangi ya kahawa, alichutama, akachomoa mabuti ya mvua na kuyatia kwenye mfuko wa plastiki. Zipu ikateleza kana kwamba haikuwahi kugoma.

"Mabuti ya nini? Tunakokwenda ni jua tupu."

"Wanakwenda kuangalia tu," mwanamke alijibu akijipangusa magoti. "Wakishaonja joto la huko watarudi kwangu mbio, na mabuti yao."

Mwanaume aliganda. Kisha akacheka mpaka foleni nzima ikageuka. "Subiri kwanza. Wewe ni Mlima!"

"Mungu wangu. Bandari? Mbona kwenye simu una sauti ya mtu mfupi?"

Walikuwa wamezungumza kwa simu miaka miwili bila kuonana. Kazi yao ilikuwa moja. Kampuni za nje zikitaka kuhamishia watu wao nchini, familia huja kwanza kupima: tuishi mji upi, huu wa milimani au ule wa bandarini? Kwao nyumba si tatizo, nyumba zipo. Kinachowanyima usingizi ni shule ya kimataifa ya watoto. Mwanamke aliwatembeza wageni milimani, mwanaume akawatembeza bandarini, kila mmoja akivutia kwake, na ofisini watu wakawaita kwa miji yao hadi majina waliyopewa na wazazi yakasahaulika.

Siku hiyo Bandari alikuwa anarudi kutoka kwenye mkutano wa kazi, ndege moja na wageni wale.

"Nenda, utaachwa," Mlima alisema.

"Nikifika nitakupigia. Kuhusu wageni."

"Kuhusu wageni," alikubali, na wote wawili walijua huo ni uongo.

Alipiga jioni ileile. Akapiga kesho yake, na siku zote zilizofuata. Mlima alikuwa anamlea binti yake, Kidoti, pamoja na mama yake mzazi, katika nyumba ya vyumba viwili yenye dirisha linalotazama kiwanda cha magodoro. Baba wa mtoto alishaoa kwingine. Kidoti alikuwa hasikii kwa sikio la kushoto tangu homa ya utotoni, na alikuwa na ujanja wake: mtu asiyemtaka alimgeuzia upande huo, basi, mtu huyo hayupo duniani. Shuleni mwalimu alishamzoea, akamkalisha mbele, sikio zima likimwelekea.

Simu zilipokelewa jikoni, mlango umerudishwa.

"Leo umewaonyesha nini, Mlima wangu?"

"Nyumba za juu. Maji hayapandi kule, kwa hiyo jana nilijazisha matangi. Mama wa watu kafungua bomba, kashangaa, maji yana kasi nzuri!"

"Mchawi wewe."

"Na wewe msafi?"

"Mimi siri yangu ni saa nne asubuhi. Mgeni simpitishi barabara ya shule kabla ya saa nne. Saa moja barabara ile ni gereza, mpenzi. Saa nne ni bustani."

"Na darasani?"

"Wageni wakija, nusu ya watoto wanapelekwa kuogelea. Darasa linabaki kama sebule."

Mlima alicheka hadi sufuria ikaungua. Ndivyo walivyopendana, kwa kuambiana hila zao, kama wezi wawili waliokutana uzeeni.

"Ila mimi usinitembeze," alimwambia alipomaliza kucheka.

"Wewe? Wewe utaingilia mlango wa jikoni, mama. Utaona na majivu."

Bandari akawa anakuja mwisho wa mwezi. Akamletea Mlima kitenge cha bluu, akamletea bibi miwani, akacheza karata na Kidoti akishindwa makusudi. Mara ya nne alisema kilichomleta.

"Njooni kwangu. Wote, na mama akitaka. Nimeongea na shule. Wana mwalimu maalumu wa watoto wenye shida ya kusikia. Darasa dogo. Na kwa jinsi nilivyowapelekea wanafunzi, Kidoti watampokea kwa heshima yangu."

Bibi alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Mama, si ndiyo kazi yetu, kutembeza?" Mlima alisema.

"Ndiyo nasema hivyo."

Walisafiri, mama na mtoto, wakafikia nyumba ya wageni yenye feni inayolia. Usiku huo Bandari alipiga simu: "Laleni vizuri. Nitawafuata saa nne."

Mlima alikuwa anamsuka Kidoti. Mkono ulisimama katikati ya nywele. Kisha ukaendelea.

Saa nne gari lilikuja limeoshwa, na barabara ya shule ilikuwa bustani kweli, miti pande zote, hakuna hata honi. Darasa lilikuwa kama sebule. Mwanamke mwenye gauni la njano, aliyetambulishwa kama yule mwalimu maalumu, aliinama kwa Kidoti, akazungukia sikio la kulia bila kuambiwa, akamuuliza anapenda kuchora nini. Mtoto aling'aa. Bandari alimshika Mlima mkono, akaubonyeza, unaona?

Mlima aliona. Ukutani, kwenye misumari, mabegi ya watoto yalining'inia mawili mawili, matatu matatu, mengine yamesukumwa chini ya madawati yasiyo na mtu. Alijua waliko wenye mabegi. Walikuwa wanaogelea.

Jioni, mezani, Bandari alipotoa pete, aliivaa. Aliivaa kwa sababu alitaka sana asiwe ameyaona yale mabegi. Bandari alilia kidogo, akajisingizia pilipili.

Asubuhi, giza halijaisha vizuri, Mlima alimwamsha mtoto na kuita teksi.

"Tunaenda wapi, Mama?"

"Shuleni kwako."

"Si tulienda jana?"

Barabara ilikuwa gereza. Dereva alizima injini mara kadhaa, akasoma gazeti. Kidoti alisinzia, akaamka, akasinzia tena. Walipofika kengele ilikuwa imelia zamani, na darasa la jana lilikuwa limejaa watoto, wengine wawili kwenye kiti kimoja, na mwalimu kijana anapaza sauti upande wa dirishani.

Walipita mapokezi kurudi nje. Kidoti akavuta suti ya mama yake.

"Mama, mbona mwalimu wangu anapokea simu?"

Yule wa gauni la njano aliweka simu chini polepole. Alikuwa binti mdogo kuliko alivyoonekana jana.

"Dada, nisamehe. Mwalimu mwenyewe aliondoka muhula uliopita, hatujapata mwingine. Kaka alituomba. Mkuu akasema ni siku moja tu."

Nje, penye maegesho, Mlima alimkalisha Kidoti kwenye ukingo wa maua, akapiga simu.

"Malaika wangu! Umeamkaje?"

"Niko shuleni."

Bandari alishusha sauti.

"Nisikilize. Wameniahidi mwalimu mwingine kabla ya mwaka kwisha. Nilitaka tu uje. Ungeona vile kulivyo, usingekuja."

"Ningekuja."

"Usiseme hivyo sasa."

"Ningekuja! Ungeniambia darasa limejaa, mwalimu kaondoka, njia ni gereza, ningesema haya, tutafute shule nyingine. Mji mzima huu, shule ni hii tu? Mimi na wewe kazi yetu ni nini?"

"Niliogopa kukukosa."

"Ulimfundisha mtu azunguke upande wa sikio zima la mwanangu. Hilo nilikwambia jikoni kwangu, mlango umefungwa. Nilikwambia kama mpenzi, ukalitumia kama mtembeza wageni."

Mlima alikata simu. Alirudi mapokezi, akaivua pete, akaiweka mezani. "Mpe yule kaka. Si atakuja? Saa nne."

Miezi ilipita bila simu. Kuhusu wageni walioamua kwenda bandarini, Mlima alimwandikia Bandari ujumbe mfupi, jina la familia na umri wa watoto, basi.

Kwenye mvua kubwa Bandari alitokea mlangoni, sanduku mkononi, shati lilelile la kahawa limemganda mwilini.

"Nimekuja kuhamia," alisema. "Nitaanza upya huku, hata kama ni kuendesha gari la ofisi. Sitaki uje kwangu. Nataka mimi nije kwako."

Moyo wa Mlima uliruka. Usidhani haukuruka. Lakini alisema, "Kesho nitakufuata. Saa moja asubuhi. Tafuta mabuti."

Akamtembeza. Akamwonyesha nyumba za juu, mabomba yanakohoa hewa, wanawake na ndoo. Akampitisha mtaa wa viwanda unaonuka gundi, daraja lililokwenda na maji, ukuta wa shule uliopakwa rangi upande wa wageni tu. Kidoti alikuwa kiti cha nyuma na begi lake. Walipofika kwenye lango la shule, wote wamelowa, Bandari alisema, "Nimeona yote. Bado nataka." Na Mlima alimwamini. Hapo ndipo palipouma.

Bandari alichutama mbele ya mtoto, mvua ikimchuruzika puani. "Kidoti, nisamehe. Nilikukosea wewe kuliko hata mama."

Kidoti alimtazama. Kisha akageuza kichwa taratibu, akampa sikio la kushoto.

"Kidoti," mama yake aliita.

"Sijamsikia," mtoto alisema, akaingia darasani.

Walibaki chini ya mwavuli mmoja.

"Ni mtoto," Bandari alisema. "Atasahau."

"Labda. Lakini mimi? Wewe ukiniambia umechelewa kazini, nitajiuliza. Ukiniambia nimependeza, nitajiuliza. Kila nikikutazama, mpenzi, natafuta mabegi ukutani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nenda, kabla daraja la pili halijakatika."

Alimpeleka mwenyewe mpaka kwenye basi. Walishikana mikono dirishani hadi basi likaondoka, na konda akawazomea.

Familia ile ya mabuti ilichagua bandari, ikakaa mwaka mmoja, ikarudi kwao. Bibi alifariki, miwani aliyoletewa ikiwa mezani. Mlima alianza kuwatembeza wageni saa moja asubuhi. Wengi wakachagua kwingine, na meneja akamhamishia kwenye kazi ya ofisini, aliko mpaka leo. Hakuolewa. Binti wa gauni la njano alisomea ualimu wa watoto wasiosikia, sasa anafundisha shule ileile, na wanamsifu. Bandari alioa mwalimu mjane, wana watoto wawili. Bado anatembeza wageni, saa nne.

Kidoti alikua, akapata kazi bandarini, akapanga chumba karibu na barabara ile ya miti. Anamwambia mama yake kwamba mji ule ni mzuri, kwamba wangeishi vizuri tu. Mama yake anasema anajua. Hajaenda kumtembelea.