Ndoana Iliyonasa kwenye Yungiyungi

Kila alasiri, akishatoka shule na kumchotea bibi yake maji, Mwanabaraka alichukua ufito wake wa kuvulia nyuma ya nyumba, akachimba nyungunyungu wawili watatu kwenye migomba, akashika njia ya bwawani. Kwao kulikuwa Yombo, nje kabisa ya mji, mahali ambapo mwaka ule wa 1973 mikorosho ilikuwa mingi kuliko nyumba. Bwawa lenyewe halikuwa bwawa la kujivunia. Lilikuwa shimo lililobaki baada ya watu kuchimba kifusi cha barabara. Masika yalilijaza, magugu yakalivamia, na perege wakaingia humo kwa njia wanayoijua wenyewe.

Maji yake yalikuwa ya uvuguvugu, nusu yamefunikwa na majani ya yungiyungi. Watoto wengine walitupa ndoana popote, wakarudi nyumbani kula mchicha. Mwanabaraka alijua kwamba jua likiwaka perege hujificha kwenye kivuli cha majani, basi alisimama ukingoni na kushusha chambo taratibu kwenye upenyo kati ya jani na jani. Boya lake lilikuwa kipande cha ndala iliyokatika. Likizama tu, alivuta ufito upande, upesi, kabla samaki hajajizungusha kwenye mashina. Bibi yake alimwita mvuvi wetu, na kichwa cha perege kilikuwa haki ya bibi.

Aliyemfundisha ni baba yake, mzee Jabiri, naye alimpa sharti moja tu. Mvuvi wa ukingoni hukaa ukingoni. Ndoana ikinasa kwenye magugu, ivute, na isipotoka, kata mshipi urudi nyumbani, kwa sababu maji yaliyotuama si ya kuingia. Mwanabaraka aliitikia, tena kwa kuapa.

Kuapa ni rahisi ndoana ikiwa haijanasa. Mwaka ule ndoana zilikuwa adimu madukani, naye alikuwa na moja tu. Siku ya kwanza iliponasa, mwezi wa Aprili, alitazama huku na huku, akakunja gauni, akaingia mpaka mapajani. Aliinasua, akabandua vikonokono vidogo vilivyong'ang'ania mshipi, akatoka mzima. Siku ya pili aliingia tena, na kufika Juni hakuhesabu tena. Rafiki yake Eufrazia, binti wa mzee Albano mchonga vinyago, alimkanya mara nyingi. Mwanabaraka alimcheka kwamba anaogopa maji kama paka.

Asubuhi moja ya Agosti, chooni, kicheko kilimwisha. Mwishoni mwa mkojo wake kulikuwa na damu.

Mtoto mwingine angedhani ni ugonjwa. Mwanabaraka alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alichokumbuka ni binamu yake Hamisa. Hamisa alipovunja ungo, mwaka juzi, aliwekwa ndani siku ileile, awe mwali kama walivyokuwa bibi zake. Kitabu chake cha hesabu kilibaki kwenye mkoba. Alipotolewa, miezi mingi baadaye, wenzake walikuwa wamekwisha kusonga mbele, na shule hakurudi tena. Mwanabaraka alikuwa darasa la saba. Mtihani ulibakiza miezi miwili na kidogo, na mwalimu alikwisha kusema mbele ya darasa zima kwamba akipatikana mtoto mmoja wa kwenda sekondari, ni yeye.

Alimwaga maji chooni makopo matatu, akatoka kama mtu asiye na habari.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Aliacha kunywa maji ili asiende chooni mara kwa mara, na ndiyo kwanza mkojo ukazidi kumchoma. Tumbo lilimuuma chini ya kitovu. Darasani macho yalikuwa ubaoni, lakini akili ilikuwa nyumbani, inahesabu nani amemtazama na nani amenong'ona. Mama akimwita jina tu alishtuka. Wiki tatu alikwenda hivyo, akijisemea kwamba labda litapita lenyewe.

Halikupita. Siku ya Jumatano bibi aliona doa la damu kwenye kanga aliyoianika Mwanabaraka. Hakugomba. Alikaa karibu naye, akamshika kidevu.

"Mke mwenzangu," alisema huku anacheka, "kumbe umekua na hutuambii?"

Mwanabaraka aliinamisha uso. Bibi alidhani ni haya. Mpaka Alhamisi jioni kungwi alikuwa amekwisha kupelekewa habari, kanga mpya zimenunuliwa, na mama ametandika mkeka katika chumba cha uani kisicho na dirisha. Baba alikuwa Rufiji kwenye msiba, na hata angekuwepo, mambo yale hayakuwa ya wanaume. Jumamosi Mwanabaraka angeingizwa ndani.

Ijumaa, kipindi cha shamba la shule, watoto walikuwa wakipalilia mihogo. Mwanabaraka alimvuta Eufrazia pembeni, akafungua pindo la gauni, akatoa ndoana yake.

"Chukua. Mie kesho naingizwa ndani."

Eufrazia aliuliza kwa nini, na Mwanabaraka, huku machozi yanamtoka, alimnong'oneza yote. Mwenzake alisikiliza, akakunja uso, akauliza kama damu inatoka na mkojo, na kama inachoma. Alipojibiwa ndiyo, alishusha jembe.

"Basi na Fransis wetu ni mwali."

Fransis alikuwa mdogo wake Eufrazia, mtoto wa miaka kumi, mwogeleaji wa bwawa lile asiyekatazika. Eufrazia alieleza kwamba wiki iliyopita alianza kukojoa damu, akalia kwa maumivu, na baba yao akampeleka zahanati. Kule walisema ni kichocho, na sasa anameza vidonge.

"Na wewe maji yale huyaachi," alimaliza. "Nilikukanya nikachoka."

Mwanabaraka alisimama katikati ya mihogo, amepigwa na butwaa. Ilikuwa afueni, lakini haikudumu hata mpaka kengele. Kusema ni kichocho maana yake ni kusema aliingia bwawani kwa miezi minne, ilhali alimwapia baba yake. Kunyamaza maana yake ni chumba cha uani. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea polepole, anajaribu maneno na kuyameza.

Alimkuta bibi barazani anakunja kanga mpya, anaimba kwa sauti ndogo. Furaha ile ya bibi ndiyo iliyomtia hofu kuliko yote. Alipiga magoti mbele yake.

"Shikamoo bibi. Bibi, mie si mwali. Damu inatoka na mkojo, na inachoma. Baba alinikataza kuingia bwawani, na mie niliingia tangu masika. Nilikuwa nafuata ndoana."

Bibi aliacha kukunja. Mwanabaraka alifumba macho akingojea kofi. Kofi halikuja. Bibi alimuuliza damu ilianza lini, na kama inaonekana wakati wa haja ndogo tu. Kisha aliweka kanga chini, akajifunga yake kiunoni, akamwita mama, na watatu wakashika njia ya zahanati kabla haijafungwa.

Nesi Kokuberwa, mama mrefu aliyetoka Bukoba, alimpa kichupa cha kutilia mkojo, kisha akakipeleka kwenye hadubini ndani. Aliporudi hakuzungusha maneno.

"Ni kichocho," alisema. "Wale konokono wadogo kwenye magugu ndio wanaowalea hao wadudu. Wadudu hutoka kwao, wakaogelea, wakapenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Mtu huyo naye akikojoa bwawani, konokono hupata wadudu wapya. Atatumia dawa, atapona. Lakini mngechelewa, wangekula kibofu na figo."

Mwanabaraka alikumbuka vikonokono alivyovibandua kwa vidole vyake, akapangusa mikono kwenye gauni. Bibi alimvuta karibu.

"Mie kesho ningekufungia chumbani na ugonjwa wako," alisema. "Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Ulificha bwawa, ukaficha damu, na mie nikafurahi badala ya kuuliza. Sote tumekosa. Na ile siku ya kweli ikija, niambie bila kuogopa. Mtihani utafanya kwanza, kungwi nitamwambia mwenyewe."

Mwanabaraka alimeza vidonge vyake vyote, ingawa vilimtia kichefuchefu. Baba aliporudi kutoka Rufiji alikiri kosa lake mwenyewe, kabla baba hajaambiwa na mtu. Baba alikasirika siku mbili, ya tatu akamsamehe. Mtihani ulipofika aliufanya, ametulia, na chupa ya maji ya kunywa pembeni yake.

Jumamosi iliyofuata walikwenda bwawani pamoja, baba na binti, na ile ndoana ambayo Eufrazia alikuwa ameirudisha. Boya lilizama. Mwanabaraka alivuta upande, lakini perege alikuwa mjanja, akajizungusha kwenye mashina ya yungiyungi akaponyoka, na ndoana ikanasa hatua nne tu kutoka ukingoni. Alivuta mara moja, mara mbili. Haikutoka. Baba alimtazama.

Mwanabaraka alishika mshipi kwa meno, akaukata.

"Ndoana ile ilikuwa ya pekee, baba," alisema, na uchungu ulionekana usoni mwake.

"Ya pekee ni wewe," alijibu mzee Jabiri huku akikusanya kilichobaki cha mshipi. "Chombo cha kazi hutafutwa kingine, hata kikiadimika. Afya ikipotea, hakuna duka la kuiulizia. Sasa twende, bibi yako leo atakula mchicha kama watu wengine."