Mwenyewe Amekubali

Mashine ya kunyolea ilikuwa ya moto asubuhi ile, na kliniki ndiyo kwanza inafunguliwa. Daktari aliigusa kuisogeza tu, apate pa kuweka kikombe chake cha chai, akarudisha mkono kama mtu aliyegusa sufuria. Ile mashine ni ya kunyolea mbwa na paka pale pa kuchoma sindano, na tangu jana jioni ilikuwa imechomolewa kwenye umeme, waya umekunjwa vizuri. Akamuuliza Kipaza nani kaitumia. Kipaza ndiye mwanamke wa mapokezi, jina hilo wamempa kwa sababu akikunong'oneza siri, mtaa wa pili wanaitikia. Akajibu kwamba yeye ndiyo kwanza anavua viatu vya njiani, amnyoe nani, na kichwa chake mwenyewe kimemshinda. Wakacheka. Daktari alicheka nusu, nusu nyingine hakuwa na nguvu nayo.

Maana daktari alikuwa amechoka, jamani. Si uchovu wa kusema ngoja nijinyooshe kidogo. Ni ule wa kuingia chumbani ukasimama katikati, hukumbuki ulichofuata, ukatoka umeshika ndala moja. Kliniki yenyewe ni vyumba vitatu vimepangana kama behewa: mbele benchi la kungojea, katikati meza ya bati, nyuma vizimba vya wagonjwa waliolazwa. Na kila anayekuja analeta mnyama mmoja na ujuzi wa watu kumi. Huyu kamwogesha paka kwa sabuni ya unga, ngozi imebabuka, anauliza mbona paka hatulii. Yule kampaka mbwa mafuta ya taa kuua kupe, kupe wapo wanadunda, mbwa ndiye anayekufa. Mwingine anaambiwa asimpe mbwa mifupa ya kuku, inapasuka kama vijiti itamtoboa utumbo, anaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, na kesho huyo karudi, mfupa umekwama kooni, anasema ilikuwa ya bata.

Akifika nyumbani, zamu ya pili. Apike, aoshe, awaogeshe watoto, amkande mama mkwe miguu. Mumewe mtaani wanamwita Bwana Kochi. Si mtu mbaya, hana mkono mzito wala mdomo mchafu, na mkewe anampenda sana kwa maneno. Lakini akishakaa kwenye kochi lake, nyumba ikishika moto atauliza kwanza moto umefika chumba gani.

Sasa pale kliniki kuna neno. Mnyama akifika mwisho, figo zimekufa, hali, hanywi, kulia tu, daktari hasemi tumuue. Anasema tumpumzishe. Anamlaza mezani, anamnyoa kipande kidogo kwenye mkono wa mbele, anapangusa kwa pamba ya spiriti, anampapasa kichwa taratibu. Halafu anamgeukia mwenyewe. Mwenye mnyama ndiye anayeitwa mwenyewe pale. Anamuuliza: mwenyewe, umekubali? Mwenyewe asipokubali, sindano haiingii, hata mnyama ateseke vipi. Na wapo wanaoghairi dakika ya mwisho, wanambeba mbwa wao ndani ya shuka wanarudi naye nyumbani, na daktari hawazuii.

Jioni iliyotangulia ile mashine ya moto, daktari alikuwa amempumzisha mbwa mzee wa fundi viatu. Fundi kaondoka analia kama kafiwa na ndugu. Daktari akabaki peke yake, mikono yote miwili juu ya meza, bati bado lina joto la mbwa, na miguu inamwaka. Akasema kwa sauti, "Laiti angetokea mtu akanipumzisha na mimi."

Kusema tu, kama tunavyosema wote. Ila sisi wengine hatusemei mahali kama pale, juu ya meza ile.

Baada ya hapo mambo yakaanza kumnyookea, na hilo ndilo lililomchelewesha kushtuka. Akienda kuosha vizimba anakuta vimeoshwa. Akitafuta pamba, pamba ipo mkononi kabla hajanyoosha mkono. Wanyama waliolazwa wakawa kimya, hata yule kasuku mwenye matusi, wote wameinamisha vichwa, na wote wanaangalia sehemu moja, juu kidogo ya bega lake la kushoto. Harufu ya spiriti ikamfuata mpaka chooni. Na mara kwa mara, akiwa ameinama anaandika dawa, alihisi kitu kinampapasa kichwa kuanzia utosini kushuka kisogoni, polepole, kwa huruma. Wenzangu, kilichomtisha si kule kupapaswa. Ni kwamba alisikia raha.

Siku moja mchana, watu wamepungua, akasinzia mezani kwake. Alipozinduka alihisi baridi mkononi. Akatazama. Chini ya kiwiko, upande wa ndani, vinyweleo vimenyolewa, kipande cha upana wa vidole viwili, mraba mzuri, kimepanguswa mpaka kinang'aa. Kazi safi. Hata yeye asingeweza kunyoa vizuri hivyo.

Akamwita Kipaza, akamwonyesha bila kusema. Kipaza akatazama mkono, akatazama mashine, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akanong'ona ikawa ni kunong'ona kweli.

"Dada, twende nje."

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Hapo benchini. Nimesikia mashine inalia. Nikajua una mgonjwa."

Jioni ile daktari akarudi nyumbani ameficha mkono kwenye mtandio. Anamwaga maji ya wali, Bwana Kochi kutoka kule kwenye kochi akamwambia, kama anayekumbuka jambo dogo, kwamba kliniki kwake wana adabu sana siku hizi. Mkewe akauliza kwani nini. Ah, kuna mwanamke alipiga simu mchana, sauti nzuri, tena inafanana na yako, akauliza mimi ndiye mwenyewe? Nikamwambia naam, mimi ndiye mwenyewe. Akasema daktari amechoka sana, anateseka, je, nakubali apumzishwe? Nikamwambia masikini, nakubali kwa mikono miwili, apumzishwe hata leo.

Sufuria ilimponyoka. Wali wote ukaenda na maji.

Alfajiri Kipaza akamleta mama yake mdogo, mganga, mama mmoja mwenye magoti mabovu na maneno machache, watu wanamwita Mama Ubani. Aliingia na chetezo chake, akafukiza mlango, akafukiza benchi, akafukiza meza. Alipofika kwenye vizimba moshi ukasimama wima kama uzi, haukwenda huku wala huku. Mama Ubani akauangalia, kisha akafunika chetezo, akakaa benchini akaanza kujikanda goti.

"Mimi nafukuza yaliyokuja kwa ubaya," akasema. "Hili limekuja kikazi."

Akawaeleza taratibu. Jini hili limekaa nyuma ya vizimba miaka, limetazama. Limeona mnyama analetwa analia, daktari anamnyoa, anampapasa, mwenyewe anakubali, na kilio kinakwisha. Likajua hiyo ndiyo dawa, likajifunza. Sasa kuna mgonjwa kaomba kwa mdomo wake, na mwenyewe kakubali kwa mdomo wake, limebakiza nini. Ubani haumtoi fundi aliyeitwa kazini. Aliyekubali ndiye aje, chumba hiki hiki, aghairi, kabla jua la leo halijazama. Na asitume mtu.

Kipaza akapiga simu. Bwana Kochi akasema anakuja sasa hivi, na sasa hivi yake wanaijua. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Daktari alitaka kwenda kumfuata mwenyewe, lakini kila akisimama magoti yanakunjika kama ya ndama aliyezaliwa leo. Basi Kipaza akasema atamleta hata kwa kumburuta pamoja na kochi, akatoka mbio. Mama Ubani akabaki mlangoni na tasbihi, akasinzia pale pale kama mtu aliyefunikwa shuka usoni.

Daktari akabaki peke yake, mvua inaanza kugonga mabati, na kwa kuwa mgongo ulimuuma alijiambia ajinyooshe kidogo tu juu ya ile meza, kidogo tu mpaka wafike, na alipolala bati halikuwa la baridi kama alivyolizoea, lilikuwa na joto zuri la kitanda kilicholaliwa, na mkono ule ukaja utosini ukaanza kupapasa, na harufu ya spiriti ikashuka puani, na akasikia bomba la sindano linavuta dawa, mlio mdogo ambao ameusikia mara elfu akiwa upande ule mwingine, na akataka kupiga kelele lakini kelele nayo ni kazi, jamani, inataka pumzi, inataka kifua, na yeye alikuwa amewapa watu kifua chake miaka yote, hakikubaki cha kupigia kelele yake mwenyewe.

Mlango ukagonga ukuta. Bwana Kochi kaingia, mguu mmoja una kiatu mwingine una ndala, Kipaza nyuma yake kamshika shati. Alicheka kwanza, kwa mazoea. Kisha akaiona sindano, imesimama hewani yenyewe, shubiri moja juu ya mkono wa mkewe, na kicheko kikamkauka.

"Nimeghairi," akasema. "Mimi ndiye mwenyewe. Nimeghairi, namchukua."

Sauti ikatoka upande wa kichwani mwa meza. Ilikuwa sauti ya mkewe, ile ya kazini, ya upole, na mkewe kafunga mdomo.

"Anateseka huyu. Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Anakula nini asubuhi?"

Bwana Kochi akatazama huku na huku. Kipaza akamnong'oneza kwamba hali kitu, chai tupu, na kunong'ona kwa Kipaza kulisharudi kama zamani, mbwa wote wakasikia.

"Namuuliza mwenyewe," sauti ikasema. "Analala saa ngapi?"

Bwana Kochi akageuka kutafuta saa ya ukutani.

"Anaumwa wapi?"

Hajui. Mtu amelala naye kitanda kimoja miaka kumi na minne, hajui anaumwa wapi. Sindano ikashuka kidogo. Ncha ikagusa pale paliponyolewa, ngozi ikabonyea.

"Ukimrudisha nyumbani nani atamuuguza?"

"Tutatafuta mtu," Bwana Kochi akasema, na alipolisikia neno hilo limetoka kinywani mwake, na akaona tone limejitokeza kwenye ncha, akaanguka magoti pale sakafuni penye manyoya na maji ya mvua, akashika mguu wa mkewe akakuta kisigino kimepasuka kama udongo wa kiangazi, na hakuwahi kujua.

"Sijui," akasema analia. "Sijui anakula nini, sijui anaumwa wapi. Mimi nitamuuguza. Nitapika mimi, nitaosha mimi, mama nitamkanda mimi. Nitajua. Niachie."

Mvua ikawa kubwa, hawakusikia kama lilijibu. Ila wale wanyama kule nyuma, ambao hawakutoa mlio siku nyingi, walilipuka wote kwa pamoja, na yule kasuku akafungulia matusi ya mwezi mzima. Sindano ikaanguka kwenye beseni. Mama Ubani akazinduka, akauliza wamefikia wapi.

Mume alimbeba mkewe mgongoni kwenye mvua mpaka nyumbani, kwa maana hakukuwa na shuka. Watu wakatoka madirishani kutazama, Bwana Kochi anatembea, tena kabeba mtu. Daktari akalala kuanzia magharibi ile mpaka adhuhuri ya pili, na mume kila saa anamwekea kiganja puani kuhakikisha.

Siku ya tatu jioni mkewe amelala tena, Bwana Kochi yuko jikoni, aproni imemkaa kama bibu ya mtoto, anaosha vyombo. Anavipitisha tu majini, haraka haraka, mpira unaanza saa hiyo kwenye televisheni. Akalipindua sufuria la mchuzi, akalifuta juu juu, akalisimamisha pembeni.

"Hilo bado lina mafuta," ikasema sauti nyuma ya sikio lake, kwa upole. "Tumia maji ya moto."

Hakugeuka. Alisimama hivyo mikono ikidondoka povu, anasikiliza pumzi ya mkewe kule chumbani, moja, nyingine. Kisha akabandika birika.