Jina la Ya-wen Juu ya Mashine

Mikono yao iligongana Jumamosi katika soko la kompyuta la Guanghua, Taipei, kila mmoja akiwahi diski ya mwisho mezani. Pin-yu, sketi ya manjano na viatu vilivyolowa mvua, aliitaka kwa blogu yake ya mapishi ya bibi yake. Kuan-ting alimwachia diski, na moyo ukafuata. Baada ya miezi mitatu blogu ilikuwa inakaa kwenye mashine ya Kuan-ting, kompyuta iliyowaka usiku na mchana nyumbani kwake, kando ya kabati la viatu.

Siku moja Pin-yu, akipangusa vumbi, aliona juu ya mashine pakiti ya kijani ya bisi za nazi. Hilo halikumshtua, nani Taipei haiweki pakiti hiyo kama hirizi, ili mashine itulie isizimike? Kilichomchoma ni mwandiko: "Tulia, usizimike. Ya-wen."

"Ya-wen ndiye nani?"

"Wa zamani. Tuliachana kitambo, mpenzi."

"Mmeachana, na bado analinda blogu yangu?"

"Mashine haijazimika siku mia sita na kumi na mbili, hata kwa matetemeko ya ardhi. Naogopa kuigusa."

"Kumbe! Ndiyo maana nikikwambia usasishe programu unasema kesho, na matangazo ya viatu ya matapeli yanajaa chini ya mapishi ya supu ya bibi! Halafu tazama tarehe. Imeisha muda tangu mwaka jana. Iliyoisha muda ni mkosi, hujui?"

Kuan-ting aliitazama pakiti, asiiguse. Pin-yu akachukua mkoba wake, akaelekea mlangoni.

"Baki naye, basi."

Siku nne Pin-yu hakupokea simu zake. Aliifungua blogu mara ishirini kwa siku, akaikuta hai, akamchukia Ya-wen zaidi. Siku ya tano haikufunguka. Alipiga simu mwenyewe.

"Imezimika?"

"Nimeizima mimi. Nimesasisha kila kitu, sasa imegoma kuwaka."

"Mapishi ya bibi?"

"Nilinakili kwanza, mara mbili."

"Na pakiti?"

"Nimeitupa. Nimelifukuzia gari la taka nikiwa na ndala, majirani wananicheka. Pin-yu, njoo. Njoo na nguo zako zote, tuoane."

Alikuja na begi moja na pakiti mpya ya kijani, jina lake mwenyewe limeandikwa juu yake kwa kalamu nene. Waliketi sakafuni hadi jioni, wakitafuta kosa mstari kwa mstari, mpaka mashine ikawaka. Pin-yu aliiweka pakiti juu yake, akaigeuza jina litazame mlangoni.

"Siku sifuri," Kuan-ting alisoma kwenye skrini.

"Vizuri," alisema Pin-yu. "Anza kuhesabu na mimi."