Niulize Kabla Namba Haijatoka

Jumamosi asubuhi, nje ya duka la vifaa vya ujenzi, foleni ya mkate wa soseji za kuchoma ilikuwa imezunguka mpaka kwenye miche ya ndimu. Novemba, Brisbane, saa tatu tu na lami imeshaanza kunata. Leonie Kessell alikuwa ndani ya gauni la njano lenye vifungo vya mbao, kofia ya ukili pana kama ungo, na mafuta meupe ya kukinga jua puani. Alikuja kununua bomba la sinki. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, kaptura ya bluu iliyopauka, viatu vyenye vumbi la bati, kichwa wazi.

"Vitunguu juu au chini?" akauliza mama mwenye koleo.

"Juu," akasema yule mwanamume.

"Juu!" Leonie alishindwa kujizuia. "Vidondoke, mtu ateleze?"

Akageuka. "Na wewe ni polisi wa vitunguu?"

"Mimi ni mtu mwenye kofia. Wewe kazi yako nini?"

"Naezeka mapaa."

"Kichwa wazi hivyo hivyo?"

"Kofia iko garini, bibie." Hapo hapo kitunguu kikamdondokea kiatuni, wakacheka wote wawili.

Jina lake Dougal Strachan. Krismasi ilipofika walikuwa mezani kwa mama yake Leonie wakila kamba wa baridi, na Dougal ameshajua kikombe gani ndicho chake.

Leonie ndiye aliyeliona baka, jeusi, kingo zimechongoka, nyuma ya bega.

"Hili limeanza lini?"

"Nitajuaje, mpenzi? Liko mgongoni."

Ilikuwa melanoma, saratani ya ngozi, na ilishafika kwenye tezi za kwapa. Madaktari wakakata. Kisha ikawa dripu ya dawa kila wiki ya nne, na kabla ya kila dripu, kupimwa damu. Ndani ya damu wanatafuta kitu wanachokiita LDH. Kikipanda, daktari hukunja uso.

Sasa Leonie alikuwa mfanyakazi wa maabara hiyo hiyo inayopima. Chupa zinakuja, anaziweka kwenye mashine, zinazunguka, damu inajitenga, na juu yanabaki maji ya rangi ya majani makavu. Lakini sheria ya pale ni moja: usifungue faili la mtu wako. Mwenzao mmoja alifungua la dada yake, akafukuzwa kabla ya chakula cha mchana.

"Mimi sitaangalia," alimwambia Dougal. "Utaniambia mwenyewe."

"Nitakuambia."

Hakumwambia. Alhamisi moja ya Februari, akiwa juu ya paa la watu, simu yake ilitetemeka. Kule majibu humfikia mgonjwa kabla daktari hajayasoma. LDH: mia tano na kumi na mbili, na nyota nyekundu pembeni. Mwisho wa kawaida ni mia mbili na hamsini. Akapiga simu kliniki. Muziki. "Simu yako ni muhimu kwetu." Muziki tena. Baada ya dakika arobaini ikakatika. Basi akajisomea mtandaoni, kwamba namba ikiwa mara mbili, siku za mtu si nyingi. Akaamua hatamfanya Leonie mjane. Akafuta dripu ya Jumatatu, kisha akatuma ujumbe: "Usinisubiri. Tafuta mtu mwenye afya."

Leonie akapiga simu mara kumi na moja.

"Dougal, pokea." "Dougal, najua uko hapo." "Strachan, nitakuja na chepe!"

Kazini ndiko kulimuumiza zaidi. Kompyuta iko mbele yake, herufi chache tu za jina zimebaki. Akavikunja vidole akavikalia. Ijumaa hivyo. Jumamosi hivyo. Jumapili akamfokea mamake kwa sababu ya sukari.

Jumatatu Leonie akamkuta Dougal kazini kwake, juu ya paa, kichwa wazi.

"Shuka!"

"Nina kazi."

"Dripu yako ni leo! Imeandikwa kwenye friji langu!"

"Nimeifuta, Leonie. Nenda nyumbani."

Akaishika ngazi, akaisogeza pembeni. "Haya, endelea na kazi. Utalala huko huko."

"Wewe mwanamke una wazimu!"

"Nimeupata Alhamisi. Kofia yako iko wapi?"

Mwishowe ngazi ikarudishwa. Dougal alishuka, jasho limemlowesha, akamkabidhi simu. Leonie akasoma. Nyota aliiona. Lakini yeye hakuzoea kuishia kwenye nyota, akashusha kidole mpaka chini kabisa, kwenye maandishi madogo: *Sampuli imepasuka seli. LDH huenda imepanda kwa sababu hiyo. Irudiwe.*

"Huku chini ulisoma?"

"Niliona nyota."

"Damu walikutoaje?"

"Mshipa uligoma. Wakachoma mara tatu, sindano nyembamba, wakavuta kwa nguvu."

"Chembe nyekundu zimejaa hiyo LDH, Dougal. Zikipasuka wakati wa kutoa, inamwagikia kwenye chupa. Namba inapanda, wewe hujabadilika kitu."

"Kwa hiyo nimepona?"

"Sijasema hivyo! Nimesema hatujui. Siku nne nimekaa kama mjinga kwa ajili ya kitu hatukijui!" Akalia, akampiga kwa kofia yake ya ukili mpaka ukingo ukakunjika.

Dripu mpya ikapatikana baada ya siku tisa. Siku tisa! Ila damu wangeweza kutoa mchana ule ule. Chumba cha kutolea damu kilijaa, walikuwa namba arobaini na saba, na feni ilikuwa moja. Dougal alipoketi kitini, mkono umefungwa mpira, akasema polepole, "Namba ikitoka nzuri, kuna kitu nitakuuliza."

"Hapana," alisema Leonie. "Ukisubiri namba, itakuwa namba ndiyo iliyoniposa. Niulize kabla haijatoka, au usiniulize kabisa."

"Hapa?"

"Hapa."

"Kaka, usikunje ngumi," akasema mama wa sindano. "Na umuulize haraka, nina watu."

Dougal akalegeza mkono. "Leonie Kessell, utakubali nikuoe?"

"Nimekubali. Na kofia utavaa."

Damu ikaingia chupani taratibu, bila kuvutwa. Ile chupa Leonie hakuigusa, alimwachia mwenzake.

Kesho yake saa nane simu ikalia maabara.

"Imekuja," alisema Dougal.

"Umesoma mpaka chini?"

"Mpaka chini kabisa."

"Soma basi."

Akasikia anavuta pumzi. "Mia mbili thelathini na moja. Chini hakuna neno."

Leonie akashika ukingo wa meza. "Umevaa kofia?"

Mlango wa gari ukasikika unafunguliwa.